Kurejea Safarini: Haki za Watu wa Nyumbani na Wanyama Walioachwa Nyuma

Kila sifa njema inamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Vitabu vya fiqhi na vya adabu vina milango mingi juu ya kuondoka safarini: istikhara, kuandika wasia, kulipa madeni, kuagana na jamaa, dua ya kupanda kipando, kupunguza sala na kuzikusanya. Maswali tunayoulizwa misikitini nayo mengi huwa juu ya kuondoka. Juu ya kurejea watu huuliza kidogo, kana kwamba msafiri akishafika mlangoni pake hukumu zote zimekwisha. Katika makala hii tunakusudia kueleza, kwa msaada wa Allah, adabu na hukumu za kurejea, na haki za wale waliobaki nyuma: mke, watoto na wanyama wanaofugwa nyumbani. Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Zinga, kwa kuwa ndilo lililoturudisha kwenye vitabu.

TUKIO LENYEWE

Tuliondoka Zinga siku ya Alhamisi baada ya sala ya Alfajiri kwenda Tanga, kwenye kikao cha walimu wa madrasa. Kabla ya kutoka tuliingia katika chumba chetu cha vitabu, ambacho mlango wake unafungukia uani, tukachukua vitabu viwili, tukafunga kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Ufunguo ni huo mmoja tu. Nyumbani tuna paka ambaye watoto walimlea tangu akiwa mdogo, na desturi yake ni kulala juu ya mkeka, chini ya rafu ya vitabu. Hatukutazama chini ya rafu.

Usiku wa siku ile mama wa watoto wetu alisikia paka analia ndani ya chumba. Alipiga simu yetu, haikupatikana, kwani tuliizima kwa ajili ya kikao kisha tukaiacha vivyo hivyo. Dirisha la chumba lina nondo na wavu, hata maji hayakuweza kupitishwa. Akangoja mpaka asubuhi, akapiga tena, haikupatikana. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, sauti ya paka ikiwa imekwisha kufifia, kijana wetu wa miaka 14 alichukua nyundo akang'oa komeo. Paka alitoka akiwa hai, alhamdulillah, akanywa maji kwa muda mrefu.

Sisi tulirejea Jumamosi. Tulipita Segera, tukashuka Msata, tukashika gari la Bagamoyo na kutoka huko tukapanda daladala hadi Zinga, tukiwa na kikapu cha machungwa tuliyonunua Muheza. Tulipoingia uani jambo la kwanza tuliloliona ni mlango uliovunjwa. Ndani ya chumba mkeka ulikuwa umenajisika, na daftari zetu mbili za darsa zilikuwa zimechanwachanwa. Hatukuuliza. Tulipandisha sauti mbele ya watoto, tukamwita kijana mharibifu, na machungwa yakabaki pale pale chini. Binti yetu mdogo ndiye aliyetueleza, akiwa amembeba paka mikononi.

Msomaji mpendwa, sisi tumewasomesha vijana hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka kwa zaidi ya miaka 20. Usiku ule hatukulala vizuri. Tulijiuliza masuala matatu. La kwanza, je, tulirejea kama ilivyo sunna? La pili, nini hukumu ya paka yule kubaki bila chakula wala maji? La tatu, je, waliovunja mlango walikosea, na nani anayebeba hasara?

SUALA LA KWANZA: ADABU ZA KUREJEA

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Akamwamrisha msafiri, akishamaliza haja yake, aharakishe kurudi kwa watu wake. Wanazuoni wamefahamu kutokana na hadithi hii kuwa ni makuruhu kuendelea kukaa mbali na nyumbani bila haja, kwa sababu watu wa nyumbani wana haki, na haki hizo hazisimami kwa kuwa mwenye nyumba yuko njiani.

Naye Anas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa akirudi safarini na kuziona kuta za Madina, alimharakisha ngamia wake kwa kuupenda mji ule. Alipofika, watoto wa nyumba yake walipelekwa kumlaki. Abdullah bin Jaafar (r.a.) anaeleza, katika Sahihi Muslim, kuwa siku moja yeye ndiye aliyetangulizwa, Mtume akampakia mbele yake, kisha akaletwa mmoja wa watoto wa Fatima (r.a.) akampakia nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Haya ndiyo makaribisho ya Mtume na watoto.

Katika adabu za kurejea wanazuoni wametaja pia hizi zifuatazo:

(a) Dua ya kurejea, ambayo msafiri hukiri ndani yake kuwa anarudi, anatubia, anamwabudu Mola wake na kumhimidi. Tazama vipi toba imetajwa pamoja na kurudi. Arejeaye huingia nyumbani akiwa mwenye kutubia, hakuja kuwahesabia wengine makosa.

(b) Kuanza na msikiti. Kaab bin Malik (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika kutoka safarini alianzia msikitini, akasali rakaa mbili, kisha akakaa na watu. Sunna hii imeachwa na wengi wetu. Sisi wenyewe daladala lilitushusha hatua chache kutoka msikitini, na tukaupita.

(c) Kutowashtukiza watu wa nyumbani. Jabir (r.a.) amepokea katazo la mtu aliyekuwa mbali kwa muda mrefu kuwagongea watu wake usiku. Katika mapokezi mengine ya Muslim imetajwa sababu, nayo ni kuwa asije akawa anawadhania khiyana au anatafuta makosa yao. Wapokezi wamehitilafiana kama ziada hii ni katika maneno ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, lakini maana yake wanazuoni wameikubali. Imam Nawawi, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa msafiri ambaye watu wake wana habari ya kuja kwake hana ubaya kuingia usiku.

Wazee wetu wa Mrima waliijua maana hii. Katika karne ya 19 Bagamoyo, mji ulio jirani na Zinga upande wa kaskazini, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, ikileta pembe za ndovu, na pia watu waliotiwa utumwani, jambo ambalo historia yetu haipaswi kulificha. Safari zile zilikuwa za miezi mingi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ameziandika habari za safari za bara pamoja na mila nyingine za pwani katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Ilikuwa ada ya misafara inapokaribia mji kupiga bunduki na ngoma, na watu wakatoka kuilaki. Basi mke alijua mumewe anakuja kabla hajamwona. Leo tuna simu mfukoni, na bado wapo wanaoizima ili wafike ghafla.

Sisi tulifika mchana, kwa hiyo kwa dhahiri ya hadithi hatukuwa na kosa. Lakini sababu ya katazo ni kutafuta makosa, na hilo ndilo tulilolianza tangu uani. Mtu anaweza kuingia nyumbani adhuhuri, jua likiwa juu ya kichwa, na akawa ameingia katika kile ambacho hadithi imekikusudia.

SUALA LA PILI: HAKI ZA MNYAMA ALIYEACHWA NYUMBANI

Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim inaeleza kuwa mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Zingatia kuwa lawama imefungamana na mambo mawili kwa pamoja, kumfungia na kutomlisha. Paka anayezurura huru anaweza kujitafutia. Anapofungiwa, riziki yake huwa imehamia katika dhima ya yule aliyemfungia. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamejuzisha kumfuga ndege ndani ya tundu maadamu analishwa, wakitoa dalili katika kisa cha Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na ndege wake wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) akawa anamtania juu ya ndege huyo na hakumkataza.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, mwisho wa mlango wa nafaka, ameeleza kuwa ni wajibu wa mmiliki kuwalisha wanyama wake na kuwanywesha. Akikataa, kadhi humlazimisha. Mnyama anayeliwa, mmiliki atauza, atalisha au atachinja. Asiyeliwa, kama paka, atauza au atalisha. Wanazuoni wa Kihanafi, katika kauli iliyo mashuhuri kwao, wamesema kuwa kadhi hamlazimishi, lakini wamekubali kuwa ni wajibu juu yake baina yake na Mola wake, na anapata dhambi kwa kuuacha. Hivyo hakuna aliyesema kuwa ni hiari.

Naye Sheikh Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) katika Qawaid al-Ahkam amezihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kumtimizia mnyama mahitaji yake hata kama amezeeka au amepata maradhi yasiyompa mwenyewe manufaa tena, kutombebesha asiyoyaweza, na kutomweka pamoja na kitu kitakachomdhuru.

Mtu asidhani kuwa haki hizi ni za mnyama msafi peke yake. Paka ni tohara kwa nafsi yake, na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Qatada (r.a.), amemweleza kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Mbwa ni najisi nzito katika madhehebu yetu ya Shafii, wala hafugwi ila kwa haja kama kulinda shamba na mifugo. Lakini mtu aliyeteremka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa madhambi yake, na masahaba walipouliza kama kuna ujira katika wanyama, walijibiwa kuwa upo katika kila kiumbe chenye uhai. Basi mwenye shamba anayemfunga mbwa wake mnyororo, kisha akaenda Dar es Salaam siku tatu bila kumwekea mtu wa kumlisha, naye amefungia asiyemlisha.

Sasa, je, sisi tulipata dhambi? Mwanamke wa hadithi alikusudia, na sisi hatukujua kuwa paka yumo ndani. Aliyekosea bila kukusudia amesamehewa dhambi ya kosa lenyewe. Lakini fuqahaa hutofautisha kati ya kosa lisilozuilika na uzembe. Kama paka angekuwa mgeni aliyepenya siku ile, tungekuwa na udhuru ulio wazi. Huyu tulijua mahali pake pa kulala, na kuinama kutazama kungechukua muda wa kusema bismillahi. Huo ni uzembe, na hatuoni kuwa inatufaa kujificha nyuma ya neno kukosea. Vilevile kuizima simu siku mbili, ilhali tumeacha familia na mifugo, ni uzembe wa pili.

Muslim amepokea kuwa Abdullah bin Amr (r.a.) alijiwa na msimamizi wake, akamuuliza kama amekwisha kuwapa watumwa chakula chao. Alipojibu kuwa bado, akamwamrisha aende akawape, akataja hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa inamtosha mtu kuwa na dhambi kumzuilia chakula yule ambaye chakula chake kiko mikononi mwake. Tazama kuwa sahaba huyu hakungoja kulalamikiwa. Yeye ndiye aliyeuliza. Mkuu wa nyumba aliye safarini anawajibika kuuliza.

SUALA LA TATU: MLANGO ULIOVUNJWA

Hapa kuna swali ambalo wengi huliona gumu: je, inajuzu kuharibu mali ya mtu asiyekuwapo, bila idhini yake, ili kumwokoa mnyama?

Fuqahaa wa Kishafii wamelijadili jambo hili katika mlango wa ghasbu, kwa mfano wa mnyama aliyeingiza kichwa ndani ya chungu kisha kikakwama, na hakitoki ila kwa kuvunja chungu. Wamesema chungu kitavunjwa, wala mnyama hachinjwi kwa ajili hiyo hata kama ni wa kuliwa. Kisha wakatazama uzembe ni wa nani. Akiwa mwenye mnyama alikuwa pamoja naye, yeye ndiye atakayelipa thamani iliyopungua. Akiwa mwenye chungu ndiye aliyekiweka mahali asipokuwa na haki, halipwi kitu.

Kwa mfano huo hukumu yetu iko wazi. Mlango wetu, paka wetu, na uzembe wetu. Hasara yote ni juu yetu, na aliyevunja hadaiwi hata msumari mmoja. Hali kadhalika mpangaji ambaye paka wake au kuku wake amefungiwa katika chumba cha kupanga: mlango utafunguliwa hata kwa kuvunja, na mpangaji ndiye atakayemlipa mwenye nyumba, kwa kuwa ni kwa ajili ya mali yake na kwa uzembe wake.

Ama idhini, Qur'ani Tukufu imetusimulia katika Sura al-Kahf (aya ya 71 na ya 79) kuwa Khidhri (a.s.) aliitoboa jahazi ya maskini ili isichukuliwe na mfalme dhalimu. Wanazuoni wamefahamu humo kuwa inajuzu kuharibu sehemu ya mali ya mtu ili kuinusuru iliyobaki. Na katika Sura at-Tawba (aya ya 91) Allah (s.w.) ametufahamisha kuwa hakuna njia ya kuwalaumu wafanyao wema. Zaidi ya hayo, mke ni mchunga katika nyumba ya mumewe kwa hadithi sahihi, na mchunga hangoji barua wakati kondoo wanazama.

Kwa nini basi mama wa watoto wetu alingoja usiku mzima na nusu ya mchana? Tulimuuliza, naye alijibu kwa upole kuwa aliogopa tutakavyosema juu ya mlango na vitabu. Jibu hilo lilituingia kuliko sharhe zote tulizozisoma. Kiumbe alikaribia kufa ndani ya nyumba ya mwalimu wa fiqhi, na watu wanaojua hukumu yake wamesimama nje ya mlango, kwa sababu ya kuihofu hasira ya mwalimu huyo. Hilo si kosa la kufuli.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kutokana na maelezo haya tunawausia ndugu zetu, na kabla yao tunaziusia nafsi zetu:

(a) Kabla ya kuondoka, msafiri akague vyumba, stoo, banda na zizi, ahakikishe hakuna mnyama aliyefungiwa, wala mbuzi aliyefungwa kamba mahali pasipo na majani na maji.

(b) Amwachie mtu maalumu jukumu la wanyama, kwa jina, pamoja na chakula chao au fedha ya kukinunua. Kusema kuwa jirani yupo hakutoshi kama jirani mwenyewe hakuambiwa.

(c) Aache ufunguo wa pili, na aseme wazi kuwa penye dharura mlango uvunjwe. Idhini hiyo itawaondolea khofu waliobaki.

(d) Jirani akisikia mnyama katika nyumba iliyofungwa, kwanza amtafute mwenyewe. Asipopatikana na hatari ikawa karibu, aite mashahidi, kama vile mwenyekiti wa kitongoji na watu wa msikitini, kisha afungue kwa njia yenye madhara machache zaidi, kwani dharura ina kipimo chake. Akitaka kurejeshewa gharama ya kulisha, ashuhudishe kabla ya kutoa.

(e) Anaporejea atoe habari, aanze na msikiti, asali rakaa zake mbili, kisha aingie kwa salamu. Akiona kitu kimevunjika, aulize kwanza nani amepona.

Sisi tulikwenda msikitini jioni ile, tukasali rakaa mbili tulizozipita mchana. Tuliporudi tulimwomba radhi kijana wetu mbele ya ndugu zake, kama tulivyomkaripia mbele yao, na mama yao vilevile. Mkeka tuliondoa najisi yake kisha tukaumiminia maji, na daftari tunaziandika upya. Komeo jipya limetiwa na fundi wa hapa Zinga. Ufunguo wake wa pili umetundikwa jikoni, mahali ambapo hata binti yetu mdogo anaufikia.

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kurudi kwa wema majumbani mwetu, na atusamehe tuliyoyapuuza katika haki za wale aliowaweka chini ya mikono yetu, wanaosema na wasiosema. Amin.

Wallahu aalam.